ELIMU YA CHUO NI AMANA YA MTAA: SAUMU NA MGONJWA WA SUKARI

Mada hii niliitoa mwezi wa Shaaban, baada ya swala ya Isha, mbele ya vijana na wazazi wa mtaa wetu. Ndugu wa jarida wameniomba niiandike ili wasiokuwapo nao waipate. Kwa hivyo nitazungumza nawe msomaji kama nilivyozungumza nao, na pale nilipoulizwa maswali nimeyatia majibu mumo humo.



Shukrani zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu, wazazi wangu, mimi si sheikh wala si daktari. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa nne, nasomea famasia, yaani elimu ya dawa. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa madrasa kama nyinyi. Nimekaa mkekani, nimerudishwa aya moja mara kumi mpaka herufi itoke mahali pake. Nayasema haya mapema ili unisikilize kwa kadiri yangu. Mambo ya fiqhi utawauliza masheikh, mambo ya tiba utamuuliza daktari wako. Langu mimi ni moja tu: kukuonyesha kwamba yale yanayotafutwa vyuoni yana haki ya kufika nyumbani kwako, na yasipofika, mtu anaweza kufa na dawa iko jikoni.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita nilirudi nyumbani likizo, Ramadhan imefika kati. Bibi yangu mzaa mama ana ugonjwa wa sukari, na katika umri wake wote hajaacha saumu ila kwa udhuru wa kisheria. Siku moja baada ya Alasiri nilimkuta jikoni amekaa juu ya mbuzi, nazi imo mkononi nusu imekunwa, jasho linamtiririka na maneno yake hayaeleweki. Aliniita kwa jina la mjomba wangu aliyekwishafariki. Shangazi akasema ni uchovu wa saumu, aachwe alale. Mwengine akasema huenda ni shetani, akajibiwa kwamba mashetani mwezi huu wamefungwa. Na mimi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza niliyetoka kufanya mtihani, nilisimama mlangoni nikitazama. Katika mtihani ule kulikuwa na swali la dalili za sukari kushuka katika damu: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Niliziandika zote nikapata alama zote. Siku ile zilikuwa mbele ya macho yangu na sikuzitambua.

Aliyemwokoa bibi ni jirani yetu, mama muuza mahamri, ambaye mumewe ana ugonjwa huo huo. Alikuja kuazima sufuria, akamtazama bibi mara moja akasema, "Mpeni sukari, upesi!" Bibi akabana midomo. "Adhana bado," alisema, na hilo ndilo neno lake pekee lililoeleweka. Tulimbembeleza, shangazi analia, mpaka akakubali maji ya sukari kijiko kwa kijiko. Baada ya robo saa akatujua sote. Kisha akalia mpaka Magharibi kwa sababu saumu yake imekatika.

Baadaye ndipo tulipojua yaliyokuwa. Wiki mbili kabla ya mwezi kuandama alikwenda kliniki, akapewa vidonge vyake kama kawaida, vya asubuhi na vya jioni. Hakuulizwa kama atafunga. Naye hakusema, kwa kuchelea kukatazwa. Basi vidonge vya asubuhi akavimeza wakati wa daku, akala tende mbili na chai, akalala.

Hapa hakuna mtu mbaya. Daktari alijua dawa, bibi alijua saumu, na mjukuu alijua dalili kwenye karatasi. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha elimu na hakuna aliyekileta mbele ya mwenzake.

ELIMU NI MNYORORO

Watu huniuliza, "Huko chuoni mnafanya nini miaka yote hiyo?" Nitakujibu kwa kisa cha ugonjwa huu huu, kwa sababu vijana wa rika langu wana mkono mkubwa ndani yake.

Ugonjwa wa sukari si mgeni kwa wanavyuoni wetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliuandika katika kitabu chake Al-Qanun. Lakini kujua maradhi ni jambo moja na kujua yanatoka wapi ni jambo jengine.

Mwaka 1869, mjini Berlin, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Paul Langerhans, umri wake miaka 21, aliandika tasnifu juu ya kongosho, kile kiungo kilicholala nyuma ya mfuko wa chakula. Kwa darubini ya maabara aliona vijikundi vya seli vimetapakaa ndani yake kama visiwa baharini. Akavieleza vizuri, kisha akakiri wazi kwamba hajui kazi yake. Alifariki mwaka 1888 bado hajaijua. Lakini aliacha ameandika alichokiona, na leo visiwa vile vinaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1889 Oskar Minkowski na Joseph von Mering, huko Strasbourg, walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akapata ugonjwa wa sukari. Ikajulikana kwamba ndani ya kiungo kile mna kitu kinachozuia ugonjwa huu.

Ikapita miaka zaidi ya 30. Mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, daktari kijana Frederick Banting alipewa na Profesa John Macleod chumba, mbwa kadhaa na msaidizi mmoja. Msaidizi huyo, Charles Best, alikuwa na miaka 22 na ndiyo kwanza amemaliza shahada yake ya kwanza. Mwaka ule hawakufunga maabara wakati wa likizo, wakapata maji ya kongosho yanayoshusha sukari. Tarehe 11 Januari 1922 walimdunga mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa. Zama zile mtoto mwenye ugonjwa huu hakuwa na tiba ila kunyimwa chakula ili asogee siku mbili tatu. Sindano ya kwanza haikufaa, maana dawa ilikuwa chafu. Mwenzao James Collip akaisafisha, na tarehe 23 Januari wakamdunga tena. Sukari ikashuka. Leonard akaishi miaka 13 zaidi. Dawa ile ndiyo insulini, na mwaka 1923 haki ya uvumbuzi wake waliiuzia Chuo Kikuu kwa dola moja kila mmoja.

Angalia mnyororo huo. Mwanafunzi wa kwanza aliandika asichokielewa, mwanafunzi wa pili akasaidia kukipatia faida, na kati yao miaka 52. Kwa hivyo, mzazi, mwanao akikwambia yuko maabara anahesabu vitu ambavyo wewe huoni maana yake, usimcheke. Nawe mwanafunzi, usidhani kazi yako ndogo haina thamani kwa kuwa haijakupa jibu. Andika ulichokiona, na andika kwa ukweli.

Hapa niliulizwa swali na mzee mmoja: "Na hiyo sindano, si ya nguruwe?" Ni swali la haki. Kwa miaka mingi insulini ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na za nguruwe, na wazee waliokuwa na wasiwasi hawakuwa wajinga. Lakini tangu mwaka 1982 kuna insulini inayotengenezwa na bakteria waliotiwa maelekezo ya kutengeneza insulini ya mwanadamu. Insulini za namna hiyo, za bakteria au za hamira, ndizo zinazotumika kwa wingi leo. Mwenye shaka amuulize mfamasia yake ni ipi. Asiiache dawa kwa maneno ya barazani.

RAMADHAN NAYO ILICHUNGUZWA

Sasa tuje katika mwezi wetu. Saumu ya mgonjwa wa sukari imefanyiwa utafiti mkubwa, na wengi wetu hatujausikia.

Ramadhan ya mwaka 1422 Hijria, yaani 2001, watafiti waliwafuatilia wagonjwa wa sukari 12,243 katika nchi 13, zikiwemo Misri, Morocco, Saudi Arabia, Pakistan, Uturuki na Indonesia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Kwanza, walikuta kwamba katika wenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha watu wazima wengi, karibu wanane katika kila kumi walifunga siku 15 au zaidi. Bibi yangu hayuko peke yake. Pili, sukari kushuka vibaya hadi mtu kulazwa hospitali kuliongezeka mwezi ule mara 7.5 kwa wenye aina hiyo ya pili, na mara 4.7 kwa wenye aina ya kwanza.

Usinielewe vibaya. Utafiti haukusema kwamba kila mgonjwa wa sukari asifunge. Wako wengi, hasa ambao sukari yao imetulia kwa chakula au kwa dawa kama metformin, wanaofunga salama. Hatari iko kwa yule anayefunga gizani, bila kupimwa, bila kupangiwa dawa upya, bila kujua dalili.

Dawa ya giza hilo imejulikana pia. Mwaka 2010 madaktari wa London walichapisha utafiti wa Waislamu 111 wenye kisukari cha aina ya pili. Baadhi yao walifundishwa kabla ya Ramadhan juu ya chakula, kupima sukari na wakati wa kumeza dawa. Wengine hawakupata mafunzo. Kwa waliofundishwa, matukio ya sukari kushuka yalipungua kutoka 9 hadi 5. Kwa wasiofundishwa yalipanda kutoka 9 hadi 36. Hawakupewa dawa ya ghali wala mashine ya ajabu. Walipewa mafunzo, na mafunzo ni jambo ambalo msikiti unaliweza!

Na katika zile nchi 13 za mwaka 2001 hamkuwemo hata moja ya Afrika Mashariki. Sisi tunaofunga Lamu, Mombasa, Garissa na Eastleigh hatukuhesabiwa katika utafiti ule. Nani atakuja kutuhesabu kama si watoto wetu waliosoma?

RUHUSA NAYO NI DINI

Najua lililo moyoni mwa wazee. Wanaona kula mchana wa Ramadhan ni kushindwa. Lakini katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, aliyefaradhisha saumu ndiye huyo huyo aliyempa mgonjwa ruhusa, akatuarifu kwamba anatutakia wepesi. Mgonjwa wa kupona atalipa siku nyengine, na asiyetarajiwa kupona ana fidia ya kulisha maskini. Namna yake utamuuliza sheikh wako.

Na kuna hadithi aliyoipokea Abu Daud, ambayo mwalimu wangu wa madrasa alikuwa akiisomesha huku sauti inamtetemeka. Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapasuliwa kichwa kwa jiwe, kisha akawa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu kwa ukali, akawa kama amewahesabu ndio waliomuua, na akabainisha kwamba mtu asiyejua, tiba yake ni kuuliza. Basi ewe unayemwambia mgonjwa "jikaze tu, magharibi haiko mbali," tahadhari usiwe miongoni mwao.

Wengine huacha kupima sukari mchana kwa kudhani kutoa tone la damu kunavunja saumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilipitisha kwamba kutoa damu kwa ajili ya kupima hakufunguzi, wala sindano ya dawa ya chini ya ngozi, isipokuwa maji ya lishe ya mshipani. Wanavyuoni na matabibu walikaa pamoja wakatupunguzia mzigo, nasi tunaubeba kwa kutosoma.

YA KUSHIKA

Kwanza, nenda kwa daktari kabla ya Ramadhan, wiki sita au nane kama inawezekana, na umwambie kwa ulimi wako: "Nakusudia kufunga." Usingojee kuulizwa. Ikiwa unasoma haya na mwezi umeshaingia, nenda kesho.

Pili, usijipangie dawa mwenyewe. Kuna vidonge, kama glibenclamide, ambavyo huweza kushusha sukari sana mtu akiwa hana kitu tumboni, na kuna ambavyo hatari yake ni ndogo. Mwenye kujua tofauti ni daktari na mfamasia. Aliyewahi kuzidiwa na kushuka kwa sukari miezi mitatu ya karibuni, mwenye maradhi makubwa ya figo, na mama mjamzito anayetumia insulini, hawa hatari yao ni kubwa mno, na ushauri wa madaktari kwao ni wasifunge.

Tatu, zijue dalili, na wajue wa nyumbani mwako wote, hata mtoto wa miaka kumi. Jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, ukali usio na sababu, maneno kuchanganyika. Ukipima ukakuta chini ya 3.9, fungua papo hapo hata ikiwa imebaki dakika tano kwa adhana. Ukikuta imepita 16.6, fungua pia na umtafute daktari. Aliyekwisha kuzimia usimmiminie kitu mdomoni. Mkimbize hospitali.

Nne, daku icheleweshe na uile hasa. Kwetu saumu ni saa kumi na tatu na zaidi, na tende mbili na chai hazimfikishi mgonjwa. Maharagwe, mbaazi, uji wa mtama usiotiwa sukari nyingi, hivi hukaa tumboni. Na futari, tende moja na maji yatosha kufungulia. Kaimati za shira, tambi za sukari na sharubati, zote juu ya sinia moja, zinampandisha mgonjwa usiku ule ule aliokuwa akishuka mchana. Tusidanganyane, na sisi wazima zinatuumiza.

WEWE ULIYESOMA

Imam Ghazali katika Ihyaa aliihesabu elimu ya tiba kuwa ni fardhi kifaya, akasikitika kwamba watu wa miji wameiacha wote wakikimbilia elimu nyengine. Lau angetuona leo angekuta watoto wetu wamejaa vyuoni, alhamdulillah. Lakini shahada inayotundikwa ukutani na hali nyumba ya jirani hawajui dalili tano, hiyo imeishia ukutani. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah na elimu isiyonufaisha. Mimi nilipokuwa nimesimama mlangoni siku ile nilikuwa nayo hiyo hiyo.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima tisa katika kila kumi hawakuwa wamewahi kupimwa sukari katika maisha yao. Kwa hivyo wako wanaofunga nasi safu moja na hawajui kama wana ugonjwa.

Mwaka uliofuata baada ya kisa cha bibi, mimi na wenzangu wanne, mmoja wa uuguzi, mmoja wa maabara na wawili wa udaktari, tulimwendea imamu tukamuomba Ijumaa moja ya Shaaban. Tulichanga pesa za matumizi tukanunua vijiti vya kupimia, muuguzi mmoja wa mtaa akajitolea kutusimamia. Tuliweka meza uani, wanaume upande huu, wanawake upande wa pili, na dada zetu ndio waliowahudumia. Tulidhani watakuja watu kumi. Foleni ilifika kwenye viatu, vijiti vikaisha kabla ya Alasiri. Mzee mmoja mwenye sauti kubwa, aliyekuja kutucheka, alipimwa akanyamaza. Tulimwandikia barua ya kwenda hospitali, na mwanawe akampeleka Jumatatu.

Kosa letu mwaka ule ni kwamba tulipima tukaondoka. Hatukuandika vizuri nani alifika hospitali na nani hakufika. Mwaka huu tuna daftari, kwa idhini ya kila mtu na kwa siri yake, na mwalimu wetu chuoni ametufundisha namna ya kulitunza. Huenda daftari hilo likawa utafiti siku moja, huenda lisiwe. Kisiwa cha Langerhans nacho kilianza kwa mtu kuandika alichokiona.

Basi nakuomba, ndugu yangu mwanafunzi, ukirudi likizo usirudi na begi la nguo chafu peke yake. Chagua jambo moja ulilojifunza muhula huu, ulieleze kwa Kiswahili cha nyumbani, bila maneno makubwa, mbele ya mama yako. Akilielewa, lipeleke msikitini. Nawe mzazi, muulize mwanao umejifunza nini, na umvumilie akijikwaa. Nanyi masheikh zetu, tupeni robo saa kabla ya Ramadhan.

Bibi yangu yu hai, alhamdulillah. Daktari na sheikh wake walikaa naye pamoja wakamwambia asifunge tena. Mwaka wa kwanza alilia. Sasa analisha maskini kwa kila siku anayokula, na bado ndiye anayetukunia nazi ya futari. Adhana ikilia hutupokeza tende kwa mkono wake, kila mtu ya kwake, kisha hunigeukia mimi na kuniuliza, "Leo umepima wangapi?"

Ewe Mola wetu, tunufaishe kwa uliyotufundisha, utufundishe ya kutunufaisha, uwaponye wagonjwa wetu, na utukubalie saumu zetu na udhuru wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.